Kitabu cha Gari Nilichokifukia Mwenyewe

Kwetu Umatengoni ngoro, shimo la kulimia mlimani, hailimwi na mtu mmoja. Mwanamume anafyeka majani, anayaacha yanyauke siku kadhaa, halafu anayapanga kwa mistari inayokatana, mpaka ubavu wote wa mlima unakuwa kama vyumba vidogo visivyo na paa. Kazi yake inaishia hapo. Mwanamke ndiye anayechimba udongo wa katikati na kuyafukia yale majani, na juu ya tuta anapanda maharage. Sijui nani aligawa kazi namna hiyo. Ninachojua ni kwamba mwanamume akikutwa ameshika jembe anafukia ngoro, na shemeji zake wapo hai, watu wataacha njia yao waje kumtazama.

Mimi walikuja kunitazama. Ilikuwa mwezi wa tatu, mwaka 1996, na mke wangu Ottilia alikuwa na miezi miwili kaburini.

Jina langu Kilian. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo anayeona nimeandika ovyo anisamehe. Nilikuwa tarishi kwenye kituo cha afya huku kwetu juu, upande wa Matiri; jina la kituo naliacha. Miaka tisa nilibeba barua, nilichemsha maji ya sindano, na nilishika ufunguo wa kabati la chuma. Ndani ya kabati kulikuwa na mafaili, mihuri, na kitabu cha gari.

Hicho kitabu lazima nikieleze, maana bila hicho hakuna habari. Kila gari la serikali lina kitabu chake. Dereva anaandika tarehe, anaandika anakwenda wapi na kwa kazi gani, halafu mkubwa aliyeagiza safari anatia sahihi. Gari likirudi, kitabu kinarudi kabatini kwangu. Dereva akikutwa njiani na safari isiyo na sahihi, huyo kaiba gari. Sheria yao ndiyo hiyo, na ni nzuri kwa wakubwa, maana kitabu kikipotea anayebaki mwizi ni dereva.

Gari lenyewe lilikuwa Landrova moja ya wagonjwa kwa vijiji kumi na vitatu. Dereva aliitwa Elias, mtu wa Mpepai, mpole, ana mke na watoto wawili.

Siku ile ya mwezi wa kwanza Ottilia aliamka tumbo limemkaza, anatapika maji ya kijani. Vijana wa ukoo walimweka kwenye machela wakamleta kituoni, mvua inanyesha, mimi natangulia mbele na mwavuli kana kwamba mwavuli ungesaidia kitu. Tabibu alimpapasa tumbo, akanivuta pembeni. Alisema, "Mzee Kilian, huyu ni wa kupasuliwa leo. Afike Mbinga kabla ya saa nane."

Nikauliza gari liko wapi, mimi mwenyewe mtunza kabati. Kitabu hakikuwepo kabatini tangu jana jioni, na mimi jioni ile nilikuwa nimetoka mapema, nimeacha ufunguo kwa nesi. Tabibu alipiga simu ya upepo. Jibu likaja: gari liko Mbamba Bay.

Mbamba Bay ni ziwani huko, chini kabisa, na barabara ya masika unaijua. Tulisubiri. Kulikuwa na lori la wanunuzi wapya wa kahawa, hawa watu binafsi walioletwa na soko huria, lakini lilikuwa limezama tope mlimani na watu wake wanalala chini ya turubai. Ottilia alilala kwenye benchi la barazani, kichwa kwenye mapaja ya dada yake Agripina. Saa tisa alifariki. Gari lilifika kesho yake mchana. Mvua bado inanyesha, nilifungua mlango wa nyuma mimi mwenyewe, mwavuli mkononi, na harufu ya mbasa ikanipiga usoni. Kitanda cha wagonjwa kilikuwa kimekunjwa ili matenga ya samaki yakae vizuri.

Elias alishuka, akajua kwenye nyuso zetu. Akasema, "Baba, nilitumwa." Nikamtemea mate. Yalimpata shingoni. Hakuyafuta mbele yangu, alikwenda kuyafuta nyuma ya gari. Kitabu aliniwekea mkononi, nami nikakitupa kabatini bila kukifungua.

Wakwe zangu hawakukubali. Waliandika barua ya malalamiko, Agripina akatia dole gumba, Padre akaiongezea yake, ikafika Songea. Watu wa uchunguzi wakaja na gari zuri kuliko la wagonjwa. Walikaa siku mbili, wakala kuku, wakamkamata Elias. Shtaka lake: kuchukua gari la serikali kwa safari yake binafsi. Alipelekwa mahabusu Songea. Mimi nilifurahi. Naandika ukweli, nilifurahi.

Sasa hapa anaingia Mheshimiwa Edmund. Huyu alikuwa amepita udiwani kwenye uchaguzi wa mwaka uliotangulia, ule wa vyama vingi, na akawa ndiye mwenyekiti wa kamati ya kituo chetu. Alikuwa na duka, alikuwa na mashine ya kukoboa, na ziwani alikuwa anajenga nyumba ya wageni. Mfukoni alikuwa na kalamu ya wino, ile ya kunyonya kwenye kichupa, na wino wake ulikuwa wa kijani. Alisema wino wa kijani ni wa wakubwa. Tangu akiwa mwenye duka tu, barua zake nilizibeba mimi. Sahihi yake ningeitambua hata gizani, ina mkia mrefu kama wa panya.

Aliniita barazani kwake, akaniagizia soda.

"Kaa, Mzee Kilian. Unakunywa ya machungwa au nyeusi?"

"Yoyote."

"Mpe ya machungwa." Akangoja nimeze kidogo. "Orodha ya kupunguza wafanyakazi imefika wilayani. Nimeiona kwa macho yangu. Matarishi wanaanza."

Wakati ule neno hilo lilikuwa linatembea kama kipindupindu. Wakubwa walituambia mambo yamebadilika, kahawa anunue anayetaka, hospitali tuchangie, na serikali ipunguze watu. Sisi tulichangia, na waliopunguzwa walikuwa sisi. Sijasikia mkubwa aliyepunguzwa.

"Wewe nimekusemea," akasema. "Lakini na wewe nisaidie jambo dogo. Huyu Elias unajua anajitetea vipi? Eti mimi ndiye niliyemtuma. Eti nilitia sahihi."

"Ulimtuma?"

Alicheka kidogo tu, kwa pua. "Mzee wangu, dereva akiiba safari atakosa jina la kutaja? Mkeo anakufa, gari liko ziwani limejaa mbasa. Nani alikuwa ameshika usukani, mimi au yeye?"

"Yeye."

"Basi. Kile kitabu kichome. Jikoni kwako, dakika tano. Akikosa kitabu atakosa pa kushika, atakula miaka yake, na mama atapumzika."

Nilimaliza soda. Hilo nalo linanichoma, kwamba niliimaliza.

Nilirudi kituoni, nikafungua kabati, nikakichukua kitabu na kusimama nacho dirishani. Kusoma nasoma polepole, lakini tarehe ya kifo cha mke wangu haihitaji shule. Safari yenyewe iliandikwa siku moja kabla. Mwandiko wa Elias, kwa kalamu ya kawaida: Mbamba Bay, kupeleka wageni wa Mwenyekiti. Na pembeni, kwa wino wa kijani, ule mkia wa panya.

Kwa hiyo nilijua. Watu huwa wananitafutia udhuru, wanasema mzee alidanganywa, alikuwa na majonzi. Hapana. Nilidanganywa mpaka nilipofungua kitabu. Baada ya hapo nilikuwa najua kila kitu. Nilijua Elias alisema kweli, nilijua aliyelituma gari ziwani ni nani, na nilikitia kile kitabu ndani ya koti nikaenda nacho nyumbani. Niliiogopa orodha. Nilikuwa na miaka hamsini na mbili, watoto watatu shuleni, na kazi ya kubeba barua. Na pia, hili ni gumu zaidi kuliandika, nilikuwa nimekwisha mchukia Elias, na chuki ile nilikuwa nimeizoea. Kumchukia mtu aliye mahabusu ni rahisi. Kumchukia yule aliyeninunulia soda ilikuwa kazi kubwa, inayohitaji miguu ya kusimama, na mimi miguu sikuwa nayo.

Kukichoma nikashindwa. Jikoni alikuwepo Agripina, shemeji yangu, aliyekuwa amehamia kutupikia tangu msiba.

"Shemeji, unatafuta nini jikoni?"

"Moto. Wa sigara."

"Tangu lini unavuta?"

Nikatoka. Na kuna jambo jingine: siku nilipoajiriwa, afisa mmoja wa zamani alituambia karatasi yenye muhuri wa serikali haichomwi na tarishi, inachomwa na kamati. Lile neno lilikuwa limenikaa. Nikajiambia kufukia si kuchoma. Kilichofukiwa kipo. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya, na niliona nimefanya akili.

Shamba langu la mlimani nilikuwa nimekwisha fyeka na kupanga majani, nasubiri Jumamosi wanawake wa upande wa mke wangu waje kunifukia. Kwa mjane wa kiume ndivyo inavyofanyika mwaka wa kwanza, wakwe wanakuja kwa pamoja, wanaimba, wanamaliza shamba siku moja. Alfajiri ya Jumamosi nilitangulia. Nilikizungushia kitabu mfuko wa nailoni wa mbolea, nikakilaza chini ya majani ya ngoro ya tatu kutoka juu, nikashika jembe la Ottilia na kufukia.

Nilikuwa nimewaona wanawake wakifanya kazi hiyo kila mwaka tangu utoto. Nilidhani naijua.

Walipofika wakiwa kumi na wawili, wa mbele alikuwa Hilda, jirani yetu, mwanamke asiyeweza kupita pahali bila kusema. Alisimama kwenye ngoro ile, akaweka jembe begani.

"Jamani, njooni muone. Shemeji ameolewa."

Wakaja wote.

"Na nani?"

"Sijui na nani, lakini ameanza kulima kama mke."

"Mwacheni, anajifunza. Kesho tutamkuta anabeba kuni kichwani."

"Shemeji, khanga unayo au nikuazime?"

Wakacheka. Nami nikacheka, nikasema niliamka mapema, mwili ulikuwa na baridi, nikaona nijipashe. Hilda akasema mwanamume mwenye baridi anaoa tena, hashiki jembe. Wakacheka zaidi, wakatawanyika kila mmoja na chumba chake.

Agripina peke yake hakucheka. Aliinama akalitazama tuta langu. Udongo nilikuwa nimeuchota nje, upande wa chini, wala si katikati, kwa hiyo shimo lilikuwa halipo na tuta lilikuwa limesimama kama kaburi la mtoto. Alipitisha kiganja juu yake. Nilimwona. Halafu akaenda kwenye ngoro yake, na siku nzima hakuimba.

Juma lililofuata akaja Jacqueline, mke wa Elias. Alitoka Mpepai kwa miguu, mtoto mgongoni. Alinikuta kituoni nachemsha maji.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Baba, nimetumwa na Elias. Anasema nisikusumbue kwa maneno mengi. Anasema wewe ndiye unayeshika ufunguo, na kitabu alikupa mkononi. Ukipeleke tu mahakamani. Hataki umsemee. Kitabu kitasema chenyewe."

"Kitabu sikukiona."

"Anasema alikupa mkononi."

"Mama, mimi nimefiwa. Unakuja kunidai kitabu cha mtu aliyeniulia mke?"

Alipiga magoti pale pale kwenye sakafu yenye maji. Si kunibembeleza. Alinipa pole ya msiba, akasema hajapata nafasi ya kunipa pole tangu siku ile, kwa kuwa mumewe alikamatwa. Akanyanyuka akaenda zake. Mtoto wa mgongoni aligeuza shingo akawa ananitazama mpaka walipokata kona.

Kesi ilisikilizwa Mbinga mjini mwezi wa nne. Hakimu alikuwa Bwana Lusekelo, mtu wa Mbeya, mrefu, anaandika kila neno kwa mkono wake na anakuomba unyamaze mpaka amalize. Mheshimiwa Edmund alikaa benchi la mbele, kalamu mfukoni. Akatoa ushahidi wake kwa upole mkubwa, akasema hajui safari yoyote, akasema vijana wa siku hizi wameharibika. Halafu nikaitwa mimi. Nilishika Biblia. Sisi ni Wakatoliki, mimi nimebatizwa nikiwa na siku nane.

Mwendesha mashtaka akaniuliza kama kitabu cha gari kipo. Nikasema hakipo, na safari ile sikupokea kitabu.

Elias hakuwa na wakili. Mtu kama yeye wakili angemtoa wapi. Hakimu akamwambia anaweza kuniuliza mwenyewe. Alisimama, amekonda, shati lile lile la siku ya gari.

"Shikamoo, baba Kilian."

Watu wakaguna. Hakimu akasema aulize swali.

"Baba, siku niliporudi, nilikupa kitabu mkononi. Ulikipokea au hukukipokea?"

"Sikukipokea."

"Mkono wa kulia ulikuwa umeshika mwavuli. Ulikipokea kwa kushoto."

"Sikukipokea."

Hakimu akaandika. Tulisubiri kalamu yake imalize. Halafu akamuuliza Elias kama ana swali jingine.

"Sina, Mheshimiwa. Huyu mzee amefiwa. Sitaki kumsumbua."

Nimewahi kupigwa na polisi, nimewahi kuanguka na mzigo wa mahindi. Hakuna kitu kilichowahi kunipiga kama neno hilo. Nilishuka kizimbani nikapita mbele ya Mheshimiwa Edmund, naye akanikonyeza jicho, kama watu waliokula sahani moja. Hukumu ikapangwa baada ya siku kumi na nne.

Kurudi tulipanda lori mpaka njia panda, halafu miguu. Agripina alikuwemo mahakamani siku nzima. Tulipofika nyumbani aliweka mzigo chini, akavua kandambili, akakaa kwenye kizingiti ili nisipite.

"Shemeji, kaa."

"Nimechoka, Agripina."

"Kaa. Mimi nilitia dole gumba kwenye ile barua ili ajulikane aliyemuua dada yangu. Alilala mapajani kwangu, si kwako. Wewe ulikuwa unakimbia huku na huku. Pumzi ya mwisho niliisikia mimi, hapa." Akagusa paja lake. "Nikaambiwa ni Elias, nikasema sawa, afungwe. Leo nimemtazama yule mtu anakuamkia. Halafu nikakutazama wewe."

"Unataka kusema nini?"

"Kwenye ngoro ya tatu umefukia nini?"

Nikasema majani. Akasema majani ameyafukia tangu akiwa na miaka saba, na hajaona majani yanayosimama vile. Nikasema mimi si mwanamke, sijui kufukia. Akasema, "Ndiyo. Na ulijua hujui, na wanawake kumi na wawili walikuwa njiani. Ungetungoja."

Nikajaribu kupita pembeni yake, hakusogea.

"Sijaifukua," akasema. "Siku zote hizi napita pale, mkono unaniwasha. Nikifukua mimi, utasema Agripina ndiye aliyeficha, na watu watakuamini wewe, una koti la serikali. Utafukua wewe. Usipofukua, mimi kesho narudi kwetu, na watoto wa dada yangu naondoka nao, na nitawaambia sababu."

Nilimwambia habari ya orodha. Nilimwambia kazi, ada, uzee. Nilimwambia nchi hii mnyonge hawezi kumshtaki mkubwa, wakubwa wote ni wamoja, wanalindana. Nilisema maneno mengi, na mengi yalikuwa ya kweli. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hayo yote ni yao," akasema. "Mimi nimekuuliza ya kwako."

Nilifukua jioni ile ile, bado kuna mwanga, na Agripina amesimama juu yangu na watoto wangu watatu wamesimama juu yake. Maharage yalikuwa yameota, yana majani manne. Mfuko wa nailoni ulikuwa na tobo ambalo sikuliona. Mvua za mwezi mzima ziliingia humo. Kitabu kilikuwa kimevimba kama mkate uliodumbukia kwenye chai, na kilinuka majani yaliyooza.

Tulikikausha kwenye dari la jikoni, juu ya moto, siku tatu, Agripina anakigeuza kama anavyogeuza samaki. Kurasa zilianza kuachana. Nikautafuta ukurasa. Mwandiko wa Elias ulikuwepo, ule wa kalamu ya kawaida, umefifia lakini unasomeka: tarehe, Mbamba Bay, kupeleka wageni wa Mwenyekiti. Upande wa sahihi kulikuwa na doa la kijani, kubwa kama kisahani, limeingia mpaka kurasa za nyuma. Mkia haupo. Jina halipo. Wino wa wakubwa unayeyuka.

Nilikaa na lile doa mkononi muda mrefu. Agripina akauliza, "Ndiyo hilo?" Nikasema ndilo. Akaenda kupika.

Siku ya hukumu nilikwenda na kitabu kwenye kikapu. Nilimpa karani, karani akampa hakimu. Bwana Lusekelo alivua miwani, akakifungua kwa ncha za vidole. Akaahirisha hukumu kwa saa moja, akaniita tena kizimbani, akanionya kwamba nitakachosema kinaweza kunigeukia. Nikasema naelewa. Nikasema yote: baraza, soda, orodha, dirisha, ngoro. Nyuma kabisa mtu mmoja alicheka niliposema nilifukia mwenyewe, akanyamazishwa.

"Hapa palikuwa na sahihi ya nani?" hakimu akauliza.

"Ya Mheshimiwa Edmund."

"Nawezaje kujua?"

"Niliiona. Wino ni wake, wa kijani."

"Wino wa kijani unauzwa dukani, mzee. Doa halina jina." Akaandika, tukasubiri. "Mwezi huu ulishika Biblia ukaniambia kitabu hakipo. Leo umeishika tena unaniambia kipo na kilisema hivi. Niamini siku ipi?"

Nikasema leo. Akasema, "Ndivyo wanavyosema wote."

Mheshimiwa Edmund alitazama dari. Alipoulizwa alisema anamhurumia mzee, msiba umemvuruga akili. Ilisemwa kwa upole kiasi kwamba hata mimi ningemwamini.

Hakimu alimwachia Elias. Alisema mwandiko unaonyesha safari iliandikwa kabla ya kufanyika, mwizi haandiki, na shaka ni ya mshtakiwa. Juu ya Mwenyekiti alisema mahakama haina cha kushika, kwa kuwa kielelezo kimeharibiwa na shahidi mwenyewe. Shahidi mwenyewe ndiye mimi. Mheshimiwa Edmund alitoka akapanda gari lake. Hakuna aliyemuuliza tena habari za Ottilia, mpaka leo. Kipindi kilichofuata alisimama tena na akapita.

Nje Jacqueline alikuwa amemshika Elias mkono kwa mikono yake miwili, kama mtu anayeshika kuku asiponyoke. Nilisogea. Sikuwa nimejua nitasema nini.

"Baba," Elias akasema, "ulipoulizwa ile siku ya kwanza, ulikuwa umekwisha kukisoma?"

"Nilikuwa nimekisoma."

"Na sahihi ulikuwa umeiona."

"Niliiona."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa njia ya mbali. Wakaondoka. Agripina alikwenda nao mpaka stendi, akawabebea mtoto.

Kesi yangu mwenyewe ilisomwa wiki tatu baadaye, mbele ya Bwana Lusekelo yule yule. Kutoa ushahidi wa uongo, na kuficha nyaraka ya serikali. Kazi ilikuwa imekwisha kwenda, barua ya kupunguzwa niliipata kabla ya mwezi kwisha. Ile orodha nilikuwemo tangu mwanzo, jina la kumi na moja. Nikaulizwa ni kweli au si kweli. Nikasema ni kweli.

Halafu hakimu akaweka kalamu chini, akaniuliza kama nina lolote la kuiambia mahakama kabla hajatoa adhabu.

Nilikuwa nimejiandaa. Wiki tatu nzima nililala na maneno. Nilitaka kusema juu ya benchi la barazani na mvua. Juu ya matenga ya mbasa yaliyolala mahali pa wagonjwa. Nilitaka kusema kwamba mwenye kutia sahihi yuko nyumbani kwake na mwenye kushika ufunguo yuko kizimbani, na kwamba nchi ikienda hivi hatutafika. Bado nasema hivyo, anayetaka kubishana nami aje. Ninawalaumu na nitakufa nikiwalaumu.

Lakini nilipoinua macho niliona benchi la mbele, pale alipokuwa anakaa Mheshimiwa, wamekaa Agripina na watoto wangu watatu, wamevaa nguo za kanisani. Pembeni yao alikuwa Elias. Alikuwa amekuja kutoka Mpepai, hakuitwa na mtu, amekaa mikono magotini ananitazama, anangoja kusikia nitasema nini. Yale maneno yote yalikuwa ya kweli, na hapakuwa na hata moja ambalo ningeweza kulitoa mdomoni mbele yake.

"Mzee, una lolote?"

"Sina," nikasema.

Akaandika. Miezi sita.